Penseli Iliyokabwa
Kwa miaka miwili nilimkemea mwanangu kwa sababu ya mwandiko wake, nikidhani ni uvivu, ilhali alisimulia ngano za sungura na fisi kwa ufasaha unaowashinda watu wazima. Kumbe pengo hilo, baina ya anachoweza kusema na anachoweza kuandika, ni mojawapo ya dalili kubwa za disgrafia, yaani tatizo la kujifunza linalofanya kuandika kuwe kugumu. Aliikaba penseli hadi vidole vikamwuma. Herufi zilipishana ukubwa na kuukimbia mstari, maneno yakashikana, na neno lile lile akaliandika kwa tahajia mbili katika ukurasa mmoja. Kunakili ubaoni kulimchosha kuliko hesabu. Kabla ya kumwona mtaalamu wa tiba kazi, anayewasaidia watu kumudu shughuli za kila siku kama kuandika, nilimwomba mwalimu amwulize mwanangu maswali ya mtihani kwa mdomo, na mtoto akayajibu yote.