Pafu la ng'ombe juu ya meza

Dar es Salaam, Jumapili jioni

Bado nalifikiria somo la mcharuko, yaani jinsi mwili unavyojibu jeraha au vijidudu. Wekundu, joto, uvimbe, maumivu: mwanafunzi wa udaktari wa mifugo huzikariri dalili hizo kwa dakika tano, halafu akiwekewa pafu mezani anakwama. Kosa ni letu walimu. Tunakimbilia kemikali za mwilini kabla kiungo chenyewe hakijashikwa.

Pafu kutoka machinjio ya Vingunguti linatosha kabisa. Libonyeze kwanza. Lililo zima ni laini kama sponji. Lenye nimonia iliyoingia kwa njia ya hewa huwa gumu kama ini, na ugumu huanzia mbele kwa chini. Madoa magumu yakitapakaa kote, shuku vijidudu vilivyoletwa na damu. Kinachowaponza wengi ni madoadoa mekundu kwenye pafu lililobaki laini: mara nyingi hiyo ni damu aliyoivuta mnyama alipochinjwa, wala si ugonjwa. Ukiwa na shaka, tia kipande majini. Kizima huelea, kilichojaa usaha huzama.

Joto la Dar halisubiri, kwa hiyo sampuli ichukuliwe mapema. Kipande kisizidi unene wa milimita 5, formalini (dawa ya kuzuia sampuli isioze) ya asilimia 10 iwe mara 10 ya ujazo wake, na juu uweke pamba, maana pafu likielea upande wa juu huoza. Formalini isiyotiwa chumvi za fosfeti huchachuka, ikakutana na damu na kuacha chembe za kahawia nyeusi ambazo wanafunzi huapa kuwa ni bakteria.

Kwenye darubini, nyutrofili, seli nyeupe za damu za kwanza kupambana, hufika ndani ya saa chache; makrofaji, seli kubwa zinazomeza vijidudu na mabaki, hufuata baadaye. Lakini ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe na farasi wana makrofaji waliokwisha kujishikiza ndani ya kapilari, mishipa myembamba kabisa ya damu, za mapafu. Panya wa maabara kwa kawaida hana. Ndiyo maana sumu ya bakteria ikiingia kwenye damu, pafu la ng'ombe huumia upesi. Hapo ndipo ningetaka somo likae wiki nzima, kwa kuwa mengi tunayofundisha yametoka kwa panya.

Na kuku ni habari nyingine. Seli zake za kwanza kufika penye mcharuko, heterofili, hazina kimeng'enya cha mieloperoksidezi, hivyo usaha wake hautiririki. Mpasue utafute bonge kavu la manjano, kama jibini.