Tatizo langu dari

Haya, kwa mnaonifuata inbox kuuliza kwa nini kwenye ile picha nimekata kichwa cha mche wangu wa bangi, naandika hapa mara moja nisirudie rudie. Mimi nipo Leipzig, na Ujerumani tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa kuotesha miche mitatu ya bangi nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe, ilimradi watoto wasiifikie. Wewe uliopo Moshi au Mombasa soma kama hadithi tu, huko hata mche mmoja unakupeleka ndani.

Sasa wengi mnadhani nakata ili nivune sana. Wapi! Tenti yangu ya kuoteshea ndani ya nyumba ina urefu wa sentimita 140, humo toa taa, toa filta ya hewa, toa ndoo, mmea unabaki na kama sentimita 80 za kujinyoosha. Msimu wa kwanza niliiacha miche ijiotee tu, nikapunguza taa kutoka masaa 18 kwa siku hadi 12 ili itoe maua, kumbe wiki mbili tatu za mwanzo baada ya hapo ndo inarefuka balaa, inaweza hata kufika mara mbili, asubuhi nafungua zipu nakuta vichwa vimegusa taa, majani meupe kama yamemwagiwa jiki.

Ndo nikamkumbuka babu. Kihambani kwake, yaani shamba la nyumbani kule Kibosho, Kilimanjaro, alikua anachukua mti mchanga wa kahawa anaulaza, anaufunga na kamba ya mgomba kwenye kigingi, baadae machipukizi yanapanda mgongoni, anabakiza mawili matatu mengine anang'oa. Mingine alikua anaikata ncha tu, sisi watoto tukaona babu anaionea miti. Kumbe ile ncha ya juu ndo inatengeneza homoni inayoshuka chini na kuyazuia matawi ya pembeni, yaani kama kaka mkubwa anayejipakulia nyama zote, ukimtoa mezani wadogo nao wanakula, mmea unatanuka pembeni badala ya kwenda juu tu.

Kwa hiyo siku hizi nasubiri mche ufike pingili tano au sita (pale kwenye shina majani yanapotokea), nasafisha wembe kwa spiriti, nakata juu kidogo ya pingili ya tano, sio kwenye jicho lenyewe. Mche unanuna siku kadhaa, haukui, afu vinachomoza vichwa viwili. Vile viwili navilaza pembeni kwa waya laini wa bustani, kidogo kidogo kila siku, na nafanya kabla ya kumwagilia maana mmea ukiwa umejaa maji shina linakua gumu kukunjika, linavunjika haraka. Nalijua hilo kwa sababu mche wa pili niliukunja kwa papara umetoka tu kunywa maji, ukalia ta! Nikaufunga selotepu huku najilaumu, ukashikana, leo una nundu kama goti la mzee na ndo wenye afya kuliko wenzake. Na baada ya kukata usikimbilie kupunguza masaa ya taa, upe wiki moja au mbili ujitibu kwanza.

Zile mbegu za oto, zinazotoa maua zenyewe bila kujali masaa ya taa, mimi sikati kabisa. Umri wake mfupi, ikinuna wiki nzima imekula kwako. Hizo laza tu.

Halafu hayo mavuno mnayoyasema, sheria inataka usizidishe gramu 50 kavu nyumbani, zikizidi unaharibu, kuuza hapana, kumgawia mshkaji hapana. Miche mitatu ikikaa vizuri inapita hapo kirahisi, ndo maana msimu huu nimepanda miwili tu.

Juzi mama kapiga video nikasahau kufunga zipu. "Mwanangu, hizo kamba za nini huko nyuma? Umepanda kahawa ndani ya nyumba?" Nikamwambia mama mtandao unakatakata, nitakupigia.