Portland, mji ulionyang'anywa timu mara mbili

Waswahili wa hapa Portland, Maine, tumekuwa wengi: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na sisi wachache kutoka Tanga. Tukikutana tunazungumza kazi, makaratasi ya uhamiaji na ligi ya Uingereza. Timu ya hoki ya barafuni ya mji huu haitajwi kabisa, nami naona tunajinyima kitu kizuri.

Mwaka 1977 lilifunguliwa jengo la michezo katikati ya mji, na timu ya Maine Mariners ikaanza humo chini ya Philadelphia Flyers, timu ya NHL. NHL ndiyo ligi kuu ya hoki, na ligi ya Mariners, AHL, iko ngazi moja chini yake. Fikiria Yanga wawe na timu Tanga, wawapeleke vijana wakomae huko, kisha wawachukue hata katikati ya msimu. Ndivyo ilivyo. Hata hivyo Mariners walitwaa Kombe la Calder, la mabingwa wa AHL, msimu wa kwanza, 1978, wakalirudia 1979, na tena 1984. Timu mama zilibadilika, mpaka Boston Bruins, na mwaka 1992 timu ikahamishiwa Providence.

Mwaka uliofuata ikaja nyingine kutoka Baltimore, ikaitwa Portland Pirates. Nayo ikabeba kombe msimu wake wa kwanza, 1994, kwa kuwafunga Moncton Hawks kwenye fainali. Mchezaji bora wa hatua ya mtoano alikuwa golikipa Olaf Kolzig, mtoto wa wazazi Wajerumani aliyezaliwa Johannesburg. Nimewasimulia habari zake vijana wetu wengi wanaodhani barafu haina mtu aliyezaliwa Afrika! Miaka sita baadaye akiwa na Washington Capitals, timu ya NHL, alipewa tuzo ya golikipa bora wa NHL.

Pirates walidumu zaidi ya miaka ishirini. Kilichowaondoa hakikuanzia hapa: mwaka 2016 timu ya Springfield, Massachusetts, ilinunuliwa na kupelekwa Tucson, Arizona, na watu wa Springfield, kuziba pengo, wakainunua ya Portland na kuihamishia kwao. Mashabiki waliokuja na watoto, baadaye na wajukuu, hawakuwa na kauli yoyote. Mimi naliona hilo ni dhuluma, hata kama sheria inaruhusu.

Tangu 2018 tuna timu ya tatu, inayocheza ECHL, ngazi moja chini ya AHL. Jina lilipotafutwa, watu walichagua lile la mwanzo, Maine Mariners, na jengo ni lilelile la 1977.

Msimu huanza Oktoba. Vipindi ni vitatu, dakika 20 kila kimoja, na kile kisahani cheusi kinachopigwa badala ya mpira hukimbia mno, kwa hiyo mara ya kwanza watazameni wachezaji zaidi. Vaeni makoti, humo ndani kuna baridi. Wapelekeni watoto, wao wamezaliwa hapa, na timu hii ni yao.