Siku moja ya mtunza maabara Tanga: kidonge kinachoogopa hewa

Saa 1 asubuhi nachungulia silika jeli, punje zinazofyonza unyevu, ndani ya desiketa, chombo cha kutunzia vitu vikavu. Ikiwa buluu, shwari. Ikiwa waridi imeshashiba maji, inaingia oveni, nyuzi 120, hadi buluu irudi. Wengi hudhani mtunza maabara ni mwosha mabika tu. Humo desiketani kuna kidonge cheusi cha oksaidi ya itriamu, bariamu na shaba. Kikipoa chini ya nyuzi −181 hivi, kinapitisha umeme bila ukinzani wowote.

Saa 3: glavu, koleo la plastiki, kikombe cha povu, sumaku ndogo.

Saa 4 ilitakiwa naitrojeni ya kimiminika ifike. Inatoka kwa watu wa uhimilishaji, wanaopandikiza ng'ombe mbegu zilizogandishwa, na ng'ombe hutangulia. Imefika saa 8. (Mtungi wake haubanwi kifuniko kamwe, gesi ikikosa pa kutokea, unapasuka.)

Nakimwagia kidonge naitrojeni ndani ya kikombe, naweka sumaku juu yake. Sumaku inaelea dakika chache, wanafunzi wanashangilia. Kisha: "Fundi, naomba nikishike kidogo tu!" Hapana, mwanangu. Kidonge kimetoka kwenye nyuzi −196, na hewa ya Tanga hii inanata. Sekunde chache kimevaa barafu nyeupe, barafu inayeyuka, na maji ndiyo adui. Yanaivuta bariamu nje na kuifanya haidroksaidi. Kaboni dioksaidi ya hewani inaigeuza kaboneti, ule unga mweupe kama chokaa. Nyuma inabaki oksaidi ya shaba na mabaka ya kijani yasiyopitisha umeme. Kuharibika huanzia mipakani mwa chembe, pale zinapogusana, kwa hiyo kidonge kinaweza kuielesha sumaku vizuri tu huku vipimo vya mkondo wa umeme vimeshaanza kugoma. Watu hawaliamini hili mpaka waunganishe waya.

Kwa hiyo, kikiwa bado cha baridi, kinaingia moja kwa moja kwenye chupa kavu yenye silika jeli. Kifuniko kilegee kwanza, maana naitrojeni iliyojificha vinyweleoni bado inachemka. Nusu saa baadaye, kikishapata joto la chumba, ndipo nakaza. Hakuna kukisuuza kwa maji. Uchafu unafutwa kwa asetoni.

Cha zamani kimeota unga pembeni. Msasa laini, na glavu, kwani misombo hiyo ya bariamu ni sumu ikimezwa. Kikioza hadi ndani, dawa ni kukisaga, kukichoma upya nyuzi 930 hivi, halafu kukipoza taratibu ndani ya oksijeni. Tanuri hilo hatuna.

Saa 12 kasoro, miguu inawaka moto, na bado kuna mabika ya kuosha.