Tembe la Kina Po

Jana umeme ulikatika hapa Nkuhungu, Dodoma, tangu saa moja usiku, tukabaki gizani mimi na dada tukipiga soga. Akaikumbuka ile tivii ya chogo ya baba mdogo, isiyo na rangi, na mkanda wa Teletubbies, kile kipindi cha watoto cha Waingereza chenye viumbe wanne, aliokuja nao kutoka Dar mwaka 2002. Nilikuwa darasa la kwanza. Mkanda wenyewe mmoja tu, tukautazama mpaka deki ikaanza kuutafuna.

Kiingereza hatukukijua, ila mimi sikuona cha kutafsiriwa. Nyumba imeinama chini, paa la udongo, majani yameota juu: si tembe hilo, kama la bibi kule Mvumi? Vilima vya kijivu, mti hakuna: Septemba ya kwetu kabisa. Na ule uji mzito waliokuwa wakifyonza kwa mrija, uwele ule, nani asiyeujua? Nikamwambia bibi kuna Wagogo wanne wanaonyeshwa kwenye tivii, wana antena kichwani. Akauliza ni wa ukoo gani.

Halafu jirani akanunua tivii ya rangi. Baba mdogo akaubeba mkanda wetu kwa fahari, watoto wa mtaa mzima tukajaa sakafuni.

Kijani. Kijani kila mahali, cha namna ambayo Dodoma huioni hata Februari mvua ikikolea. Po mwekundu, Laa-Laa wa njano, hayo niliyavumilia. Lakini uji! Uji ulikuwa wa pinki, kama dawa ya maji ya watoto. Wenzangu wakashangilia. Mimi nikarudi nyumbani, nikamwambia mama tumbo linauma.

Bibi sikumsahihishia. Amefariki akijua wale wanne ni wa kwetu.

Nikamsimulia dada nililosoma baadaye: lile shamba walikorekodia, huko Warwickshire, Uingereza, mwenye mali aliligeuza bwawa. Alichoka na watu waliokuwa wakiruka uzio kwenda kupashangaa. Palipokuwa na tembe sasa pana maji.

Dada, ambaye ndoo zake tatu zinasubiri mgao tangu Jumanne, alikaa kimya kidogo.

"Wenzetu," akasema, "hata wakikasirika wanapata bwawa."