Baridi ya Njombe imetuweka jikoni

Julai Njombe haina mzaha. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kikishaingia, ukungu unashuka alfajiri na kukaa mpaka saa nne, siku nyingine mpaka mchana. Manyunyu yanalowanisha nguo na hakuna anayeyaita mvua. Barabarani ni sweta juu ya sweta, mizula imevutwa hadi kwenye nyusi, akina mama wamejifunga vitenge juu ya majaketi. Na bado watu wa Makete wanatucheka, maana kwao ndiko kwenye baridi yenyewe. Kule Kitulo, uwanda wa maua uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2005, kuna usiku umande unaganda juu ya nyasi na kunapambazuka kumekuwa kweupe.

Nimerudi katikati ya kipupwe hicho, baada ya zaidi ya miaka kumi Minneapolis, Marekani. Rafiki zangu wa Dar es Salaam walidhani nitaiona baridi ya Njombe kuwa mchezo wa watoto, kwa kuwa natoka kwenye mji ambao Januari 2019 nyuzi zilishuka chini ya hasi 30 na hata posta ikasimamisha kazi ya kupeleka barua. Nawajibu kwamba baridi ya kule inabaki nje. Unaipata kati ya mlango wa nyumba na mlango wa gari. Ukishaingia, kuna tanuru la gesi huko chini ya nyumba, linasukuma hewa ya moto kila chumba, na mtu anakaa na fulana huku theluji imefika magotini dirishani. Njombe baridi inaingia ndani na wewe. Sakafu ya saruji ni baridi, shuka ni baridi, na maji ya kuoga usiyaguse kabla hayajapita motoni. Joto liko pale ulipo moto, na kwetu moto ni mmoja.

Ndiyo maana nimeandika haya. Kule nilikuwa na joto la kutosha na sikuwa na watu. Nilifanya kazi zamu ya usiku, nikitunza wazee. Mume wangu alifanya ya mchana. Mtoto wetu alikuwa na chumba chake, na chumba chake kilikuwa na joto lake. Tulikuwa watatu katika nyumba moja na siku zilipita tukionana kwa zamu. Sisemi Marekani ni kubaya. Ilitulisha, ilinisomesha, na wazee niliowatunza walinipenda. Nasema tu kwamba hakuna kitu kilichotulazimisha kukaa pamoja, nasi tukachoka, tukaacha kukaa pamoja.

Jiko la mama ni chumba cha tofali za kuchoma nyuma ya nyumba, bati limeingia masizi mpaka linang'aa, mafiga matatu katikati. Kuni ni za miwati, mti ambao magome yake huenda kiwandani pale Kibena kwa ajili ya dawa ya kutengenezea ngozi, nasi tuliobaki tunashukuru kwa makaa yake, maana yanakaa. Mama analala akiwa ameyafukia kwenye majivu. Alfajiri anayafukua, anaweka vijiti, anapuliza mara mbili tatu, moto umewaka. Wa pili kuamka ni wifi yangu na sufuria la maziwa. Kisha watoto wanakuja mmojammoja na mablanketi mabegani, wakigombania upande usio na moshi. Shangazi naye hufika kutoka nyumba ya pili, "Kamwene", tunamjibu, tunasogea, anakaa. Kufikia saa moja ukoo mzima uko humo ndani.

Mwanangu siku za kwanza alikataa. Moshi ulimuuma macho, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuunganisha. Akajifungia chumbani na simu, blanketi hadi puani. Mama hakumsemesha. Aliviringisha viazi kwenye majivu ya moto, akavigeuza kwa kijiti mpaka ganda likakauka na kupasuka, akapasua kimoja, akatia chumvi, akaita kwa sauti kubwa, "Mume wangu hatakula leo?" Binamu zake wakacheka mpaka nyumba ya jirani ikasikia. Akatoka kuja kuona anacheka nani. Sasa ndiye anayeamshana na bibi yake, na amejua kupuliza moto bila kurusha majivu kwenye chai, jambo ambalo mjomba wake bado halijui vizuri.

Jumamosi iliyopita manyunyu hayakukatika tangu asubuhi. Shambani hakuendeki, sokoni hakuna watu. Mama akabandika makande, mahindi yaliyokobolewa na maharage, chungu kikubwa cha kuchemka hadi jioni, na kaka akaburuta magunia mawili ya mahindi kutoka ghalani. Ni msimu wake: mahindi yameshavunwa, yamekauka, yanangoja kupukuchuliwa. Mashine zipo za kukodi, lakini ya chakula cha nyumbani tunapukuchua kwa mikono siku kama hizo. Unatoa mistari miwili kwa kidole gumba ili punje zipate nafasi ya kuangukia, kisha unachukua gunzi tupu na kusugulia hindi lililojaa. Ukiijua kazi, punje zinamwagika kwenye beseni bila wewe kuangalia. Magunzi yanatupwa motoni, yanawaka haraka, chumba kinapata mwanga. Vidole vyangu viliota malengelenge kabla ya saa sita. Shangazi, ambaye ni mzee wa miaka zaidi ya sabini, alikuwa ameshajaza beseni la pili.

Kazi ya namna hiyo inaacha mdomo huru. Na humo ndimo nilimosikia mambo ambayo simu haikuwahi kuniambia.

Miaka yote nilipopiga, mama alijibu vilevile: hatujambo, mvua imenyesha, usiwe na wasiwasi. Siku hiyo, katikati ya habari za bei ya viazi, akasema, "Wakati ule nilipouza miti ya baba yako." Nikasimamisha mikono. Misindano aliyoipanda marehemu baba kule mlimani, ambayo kila likizo alitupeleka kuipunguzia matawi, ilishauzwa ikiwa bado michanga. Watu wa huku hupanda miti kama mtu anavyoweka fedha benki, na anayeivuna kabla ya wakati hupata nusu ya alichongojea, wanunuzi wanajua ana shida. Kaka aliangukiwa na gogo, akavunjika mguu mara mbili, akalazwa muda mrefu. Nilikuwa nikituma fedha kila mwezi, na hakuna aliyeniambia kwamba hazikutosha.

"Mama, mbona hukusema?"

"Ungefanyaje, mwanangu? Ungeacha kazi? Ungelala macho huko, na huku mguu unapona hivyohivyo."

"Ningejua tu."

"Sasa umejua. Mambo haya yanataka mtu akae chini. Simu ina haraka."

Machozi yalinitoka. Shangazi akanisogezea mahindi mengine. Kaka akapandisha suruali, akamwonyesha mwanangu kovu, akaanza kusimulia alivyobebwa kwa machela ya miti hadi barabarani, nani alibeba mbele, nani nyuma, nani aliteleza. Kumbe aliyebeba mbele ni kijana niliyesoma naye shule ya msingi, na mimi nilimpita stendi juzi kwa salamu ya haraka tu. Kesho yake nilikwenda kwake na sukari na kitenge cha mkewe.

Pale palipokuwa na misindano sasa kuna miche ya parachichi, ile aina ya Hass inayonunuliwa na wasafirishaji. Kaka ameipanda juu, penye mteremko, kwa sababu usiku wa kipupwe hewa ya baridi inatiririka kwenda chini na kutuama bondeni. Vinyungu vyetu, bustani za bondeni, ndivyo vinavyoungua: unalala maharage ni ya kijani, unaamka majani yamekuwa meusi. Hilo nalo nilielezwa hapohapo motoni.

Usiku huwa kuna mabishano mamoja. Watoto wanataka jiko la mkaa liingizwe chumba cha kulala. Mama hataki kusikia. Katika nyumba yake jiko hulala nje, hata baridi iwe ya namna gani, na akisema hivyo hufunga mjadala. Yuko sahihi kabisa. Mkaa unaowaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki kuikimbia. Mnaosoma haya mkiwa Mufindi, Lushoto au Limuru, mkitoka sebuleni kulala, toeni jiko nje. Blanketi la pili ni bei ndogo. Sisi tunajaza maji ya moto kwenye chupa za plastiki ngumu, tunazifunga kwa kanga, tunaziweka miguuni mwa watoto.

Moshi nao umenihangaisha. Mama anakohoa, macho yake mekundu, na ameishi kwenye moshi huo maisha yake yote. Rafiki wananishauri nimjengee jiko la kisasa lenye mtungi wa gesi, kuta nyeupe na meza ya marumaru. Gesi nitamnunulia, kwa chai ya haraka. Ila sitajenga chumba cha watu wawili kusimama. Nimezungumza na fundi: jiko jipya litakuwa pana mara mbili ya la sasa, lenye dohani ya tofali ya kutoa moshi juu ya bati, madirisha mawili, na mabenchi ya kujengea ukutani pande tatu ili wote tukae. Tofali zimeshalipiwa, na kaka amesema mbao atatoa yeye.

Mama ameukubali mchoro kwa sharti moja, kwamba mlango uangalie barabara. Anataka kuwaona wanaopita, awaite waingie waote moto. Fundi anaanza wiki ijayo, manyunyu yakikatika.