Thimlich Ohinga: Boma la Mawe Lililosalia Msituni

Mimi ni mtu wa pwani. Nimekua nikiyaona magofu ya Gede na Jumba la Mtwana, kuta za matumbawe na chokaa, mihirabu, visima. Kwa hiyo niliposikia kwamba huko Migori, magharibi mwa Kenya, kuna makazi ya kale ya mawe yaitwayo Thimlich Ohinga, na kwamba UNESCO iliyaingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2018, niliguna kidogo. Kila mtu na chake, nikajisemea. Halafu nikafunga begi.

Wengi huenda kwa kupitia Migori mjini, na ukitokea huko ni kilomita 46 hivi kuelekea kaskazini-magharibi. Mimi nilitokea Homa Bay, nikapita Rodi Kopany na Ndhiwa, na kipande cha mwisho nikakimaliza kwa bodaboda. Kuhusu vumbi sitasema mengi. Ukienda, vaa nguo usiyoionea huruma.

Lango ni la kawaida. Unalipa, unajiandikisha kitabuni, unaingia. Siku ile wageni tulikuwa haba, na kelele pekee ilikuwa ya ndege na kengele ya ng'ombe fulani aliyekuwa akichunga njaa yake nje ya uzio. Kichaka kimeshikana: miiba, mitambaazi, na ile miti ya utomvu mweupe inayoinua matawi kama vinara vya mishumaa. Unatembea ukidhani bado uko mbali, mara ukuta huu hapa, umekukingia njia.

Nilisimama mbele yake muda mrefu. Mawe ni ya mwamba wa palepale, hayakuchongwa wala kupigwa msasa, kila moja na umbo lake, na kati yake hamna udongo, hamna chokaa, hamna chochote. Hata msingi haukuchimbwa. Kuta zimekaa juu ya ardhi kwa uzito wake tu, na zinafika kimo cha mita 1.5 hadi 4.5, unene mita 1 hadi 3. Siri yake alinionyesha mzee aliyekuwa akituongoza, mahali ambapo upande mmoja ulikuwa umelegea. "Tazama vizuri, kijana wangu. Huu si ukuta mmoja." Kuna uso wa nje, kuna uso wa ndani, na katikati kumeshindiliwa mawe madogo yanayoshikanisha hizo nyuso mbili. Kwetu fundi asingekubali kuinua hata choo bila saruji.

Maboma makubwa ni manne: Kochieng, Kakuku, Koketch na Koluoch. Kochieng ndilo kubwa zaidi na ndilo lililonishika. Mlango wake ni mfupi, umebebwa juu na mawe marefu yaliyolazwa, na huingii ila umeinama. "Adui akiingia hivyo, anatanguliza nini?" mzee akaniuliza. Nikamjibu, "Kichwa, jaduong'," yaani mzee kwa Kijaluo. Akacheka, akapita mbele.

Ndani kuna vijia na vizizi vidogo vya mawe, na hapo ndipo mawazo yangu ya Gede yaliponipotosha. Nilikuwa nikitafuta kasri. Hamna kasri. Haya yalikuwa makazi ya wafugaji, na sehemu kubwa ya kazi yote hii ya kubeba mawe ilikuwa kwa ajili ya watu na ng'ombe wao walale salama dhidi ya wavamizi na wanyama. Nyumba zenyewe zilikuwa za udongo na nyasi, zimekwisha zamani. Kilichosalia ni boma. Kuna pia mahali palipofuliwa chuma. Wengine hupenda kuilinganisha Thimlich na Great Zimbabwe, yale magofu ya mawe ya nchini Zimbabwe, lakini naona hatuitendei haki: kule mawe yalichongwa yakapangwa kwa safu, hapa mjenzi alilipokea jiwe lilivyo, akalitafutia mwenzake.

Inaaminika ujenzi ulianza karne ya 16. Jamii moja ilihama, nyingine ikaingia, Wajaluo wakiwa miongoni mwa waliokuja baadaye, na kila waliokuja walitengeneza palipobomoka. Maisha ya aina hii yaliendelea ukanda huu wa Ziwa Victoria hadi katikati ya karne ya 20. Nadhani ndiyo maana kuta zipo: hazikuachwa peke yake kwa muda mrefu. Zilipoachwa, kichaka kikaingia. Kichaka hicho kilizificha, lakini mizizi hupenya kati ya mawe na mti ukianguka huondoka na kipande cha ukuta. World Monuments Fund, shirika la kuhifadhi majengo ya kale, iliiweka Thimlich kwenye orodha yake ya maeneo yaliyo hatarini mwaka 2000, na ukarabati ukafuata. Jinsi ya kukata mti bila kuangusha ukuta ulioegemea mti huohuo, hilo mzee alilieleza kwa dakika nyingi kuliko historia yote.

Kabla ya kutoka alinipeleka kwenye mwamba wenye mashimo yaliyochimbwa kwa mchezo. Nikafurahi: bao! "Ajua," akanisahihisha. Huchezwa kwa safu mbili, si nne kama bao letu la pwani, nami kwa kiburi cha pwani nikaona ni mchezo wa watoto. Tukaokota vijiwe. Alinifunga upesi, kisha kijana wa bodaboda aliyekuwa amechoka kunisubiri akaja akachuchumaa, akamfunga mzee.